Jinsi ya kupata picha kali za machweo ukiwa Moshi (alafu geukia kulia)

Mtu akiwaza picha ya jua kuzama anawaza bahari tu, Forodhani kule Unguja, dau linapita, jua jekundu linaingia majini. Nzuri sana, wala sibishi. Ila kumbukeni pwani yetu ya bara karibu yote inaangalia mashariki, ukikaa Coco Beach jioni jua linakuzamia mgongoni huko nyuma ya maghorofa, wanaofaidi ni wa Mji Mkongwe maana wao wako upande wa magharibi wa kisiwa. Sisi wa Moshi bahari hatuna, tuna milima miwili, Meru ambao jua linazama upande wake, na Kilimanjaro ambao jua likishapotea ndo unaanza kuwaka. Na watu wengi wanaopiga picha za jioni hapa mjini wanapiga wa kwanza tu, jua likizama wanafunga kamera wanaagiza soda, ule wa pili unawaka peke yake hamna anayeuangalia.

Huu mwongozo ni wa mtu mwenye simu ya kawaida, mwenye kamera naye ana sehemu yake huko chini.

HATUA YA 1: Ielewe ramani kabla hujatoka nyumbani

Hii ndo hatua ndefu kuliko zote na ndo watu wanairuka, kwahiyo vumilia kidogo.

Simama pale kipilefti cha mnara wa saa, angalia kaskazini, Kilimanjaro ile pale. Kibo ndo ule wenye barafu, mita 5,895, na kwa mstari ulionyooka kutoka mjini kilele kiko kama kilometa 30 tu. Mawenzi ndo ule uliochongoka kulia kwake, mita 5,149. Sasa geukia magharibi, kule barabara ya Arusha inakoelekea, siku kukiwa kweupe utaona Meru, mita 4,566, umbali wa kama kilometa 65. Kwahiyo ukisimama unaangalia jua linazama, Kibo iko kwenye bega lako la kulia. Kati ya Meru na Kibo ni kama robo ya duara. Shika hiyo robo ya duara maana mambo yote ya jioni yanatokea humo ndani.

Jua halizami sehemu moja mwaka mzima, hili kila mtu alifundishwa shule ila tukishika kamera tunasahau. Mwezi wa tatu na wa tisa linazama magharibi kabisa. Desemba linasogea kusini mwa magharibi, Juni linasogea kaskazini mwa magharibi, na tofauti ya huku na kule ni kubwa, inakaribia nyuzi 47, yaani sehemu uliyopiga picha nzuri Krismasi ukirudi mwezi wa sita jua unaweza ukalikuta liko nyuma ya jengo.

Kwa sisi hii ina faida mbili.

Ya kwanza ni ya Kibo. Kuanzia Desemba mpaka Februari jua linazama upande wa kusini, na sisi tunauona mlima kutoka kusini, kwahiyo mwanga wa mwisho unaupiga usoni kabisa, ule uso wenye barafu tunaouona kutoka mjini. Barafu inakuwa ya dhahabu, inaenda machungwa, inaenda waridi. Ukija mwezi wa sita au wa saba jua linazama kaskazini zaidi, linaupiga mlima kutokea pembeni na kwa nyuma kidogo, unakuta rangi imeshika bega la kushoto tu, uso wenyewe uko kivulini. Mtu anakwambia nimekuja Moshi Julai picha hazikutoka kama nilizoona mtandaoni, nyingi za zile nzuri ni za Januari, na hamna simu ya bei gani itakayobadilisha hilo.

Ya pili ni ya Meru. Kuna siku chache kwa mwaka ambapo ukiwa Moshi mjini jua linashukia nyuma ya kilele cha Meru chenyewe, na inatokea mara mbili, katikati ya Aprili na mwishoni mwa Agosti. Ile ya Aprili sahau, ni katikati ya masika, utaona mawingu tu. Ya Agosti ndo ya kuwinda. Na ukihama sehemu, tarehe nazo zinahama: ukishuka kusini kuelekea TPC (kule kwenye kiwanda cha sukari) zinasogea kwenye mwezi wa sita na wa saba, ukienda magharibi mpaka Boma Ng'ombe zinarudi nyuma kidogo, Agosti katikati hivi. Usizibebe hizi tarehe kama Msahafu, fungua SunCalc kwenye simu (ni tovuti ya bure, haimalizi bando), weka pini pale utakaposimama, chagua tarehe, itakuchorea mstari jua linapozama. Mstari ukipita juu ya Meru umepata siku yako. Mwenye hela ya kulipia kuna PhotoPills, inakuonyesha jua kwenye kioo cha simu kabisa ukielekeza kamera angani, ila kwa kuanzia SunCalc inatosha sana.

HATUA YA 2: Saa

Moshi jua linazama kati ya saa 12:20 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi. Linawahi kuzama mwanzoni mwa Novemba, linachelewa Februari. Tofauti ya nusu saa ndogo kwa mtu wa Ulaya ila kwetu ndo inayokukosesha picha, maana huku karibu na ikweta jua linashuka wima, halilali lali kama kwao, ukichelewa daladala moja umekuta giza. Kuanzia jua linapozama mpaka giza la kuona kwa shida ni kama dakika 20 na kidogo.

Na kama jua linazama nyuma ya Meru yenyewe, toa dakika kama 12 kwenye ule muda ulioandikwa kwenye programu, kwasababu programu inahesabu kana kwamba mbele yako ni tambarare, haijui kuna mlima. Hapo wengi wanapigwa chenga, anafika saa 12:30 anakuta jua limeshaingia.

Sheria yangu ni kufika saa nzima kabla. Nusu saa ya kutafuta pa kusimama na kusalimia wenyeji, nusu saa ya mwanga wa dhahabu ambao ndo mzuri kwa kupiga watu, maana sura zinang'aa bila kukunja macho. Na usiondoke mpaka giza liingie kweli.

HATUA YA 3: Soma mawingu

Huku tunasema mlima umefunga au mlima umefunguka. Kibo mara nyingi inafunga kuanzia asubuhi saa tatu nne hivi na kuendelea, hewa ya joto inapanda kutoka chini kwenye msitu na migomba inageuka mawingu kiunoni mwa mlima. Jioni jua likipunguza nguvu yale mawingu yanapungua, mlima unafunguka, siku nyingine kwa dakika kumi tu. Kwahiyo mtu akikwambia saa tisa mchana leo mlima umefunga usikate tamaa, saa tisa haikwambii kitu kuhusu saa kumi na mbili.

Miezi: Januari na Februari ndo bora, anga safi, joto, mlima unafunguka mara nyingi, na jua liko upande wetu kama nilivyosema. Masika, Machi mwishoni mpaka Mei, ni bahati nasibu, ila jioni moja mvua ikikatika saa kumi na moja alafu magharibi pakafunguka utapata anga ambayo kiangazi chote hupati, vumbi limeoshwa lote na mawingu bado yapo ya kushika rangi. Juni na Julai ni kijibaridi na wingu zito la kijivu, siku nzima kama bati. Septemba na Oktoba kuna vumbi na moshi wa watu kuandaa mashamba, Meru inaonekana kama kivuli tu, ila jua lenyewe linakuwa duara jekundu kabisa, zuri sana kwa picha ya zumu. Novemba na Desemba vuli zinachanganya, mvua na kweupe.

Kuhusu rangi, kwa kifupi: jua likiwa chini mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kufika kwako, bluu inatawanywa njiani inabaki nyekundu na machungwa. Rangi hizo zinahitaji kitu cha kuzishika huko juu, na kitu hicho ni mawingu membamba ya juu sana, yale kama manyoya. Anga tupu bila wingu inatoa jioni safi lakini ya kawaida. Wingu zito la chini upande wa magharibi linaziba kila kitu.

Kwahiyo saa kumi jioni toka nje uangalie mambo mawili tu: juu yako kuna mawingu membamba? Na kule Meru chini kabisa kuna upenyo? Vyote vipo, beba kamera. Kama huoni vizuri kwasababu ya majengo, piga simu. Mi nina ndugu Boma Ng'ombe, namuuliza tu shem, huko kwa Meru pakoje, akisema peupe natoka. Hamna programu ya hali ya hewa inayomshinda mtu aliyesimama mlangoni kwake.

HATUA YA 4: Chagua pa kusimama

Juu ya paa hapa hapa mjini. Moshi ina hoteli na migahawa kadhaa yenye paa la wazi, wengi wao ukinunua kinywaji wanakuacha ukae mpaka usiku. Faida yake ni kwamba unaona Meru na Kibo bila kuhama, robo duara yote. Hasara ni nyaya za TANESCO, minara ya simu na matenki ya maji. Ukichagua paa, panda mchana mara moja ukague, angalia kama tenki la jirani halijakaa katikati ya Kibo. Na omba kukaa upande wa kaskazini magharibi, sio pale penye viti vizuri.

Mashamba ya mpunga, Mabogini na Chekereni. Hapa ndo pangu. Unashuka kusini mwa mji kwa daladala au boda, unaingia kwenye ule mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, majaruba mpaka macho yanachoka. Wakati wa kupandikiza majaruba yamejaa maji, na yakitulia unapata Kibo mara mbili, juu na chini. Hiyo ndo bahari yetu. Upepo wa jioni ukiwepo maji yanakunjamana picha inaharibika, subiri, mara nyingi jua likizama upepo unapoa na picha inakuja baada ya hapo. Jioni yangeyange wanarudi makundi kwa makundi kwenye miti yao ya kulala, weupe kwenye anga ya machungwa, unatakiwa uwe na kasi kwenye kamera. Pita kwenye matuta tu usikanyage miche ya watu, usiingie kwenye maji maana kichocho kipo mifereji ya huko, na vaa mikono mirefu, mbu wa Mabogini hawana salamu. Msimu haufanani kila jaruba, uliza wakulima wako hatua gani, wanakwambia bila shida.

Njia ya TPC. Miwa pande zote mbili, barabara imenyooka, ukigeuka nyuma Kibo imekaa mwisho wa barabara. Kwa machweo yenyewe mstari wa miwa mbele na Meru nyuma inatosha. Ndani ya shamba ni mali ya kiwanda, usiingie bila ruhusa, pigia barabarani.

Barabara ya Arusha, ukishapita Weruweru kuelekea Boma Ng'ombe. Hapa migomba inaisha, panakuwa tambarare na migunga, Meru inakuwa kubwa zaidi kwasababu umeisogelea. Ni sehemu ya kupiga vivuli, mti mmoja, ng'ombe wanarudi, mtu na baiskeli. Simama mbali na lami kabisa, mabasi na malori ya jioni yanakimbia sana.

Nyumba ya Mungu. Hii ni safari, inataka siku nzima, ila kama unataka jua linaingia majini kweli kweli basi ni hapa. Ni bwawa kubwa lililopo kusini mwa Moshi, mito ya Kikuletwa na Ruvu inaingia humo. Unatakiwa uwe ukingo wa mashariki, upande wa Mwanga, ili maji yawe mbele yako na jua lizame ng'ambo kule Simanjiro. Ukiwa ukingo wa upande wa pili utapiga picha ya jua linachomoza, nayo sio mbaya ila sio uliyoifuata. Unashuka Mwanga mjini, unaongea na boda bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, na umwambie wazi kwamba utamkalisha mpaka usiku, asije akakuacha. Wavuvi wanaandaa mitumbwi na nyavu jioni, ni picha nzuri kuliko jua lenyewe, ila salimia kwanza. "Shikamoo mzee, poleni na kazi, naomba nipige picha mkiwa kazini" inafungua milango yote, na akikataa amekataa, shukuru songa mbele. Kaa mbali na ukingo giza likiingia, mamba wapo.

Machalii wa Arusha msininunie, nyie hamjasahaulika ila ramani yenu ni nyingine. Kwenu Meru imesimama upande wa kaskazini, jua linazama kule Monduli, na Kilimanjaro iko mashariki, kama kilometa 80. Kwa jua lenyewe nendeni Kisongo, pako wazi. Kwa Kibo kuwaka mnahitaji sehemu ya juu, kilima cha Suye kwa mfano, au ghorofa ndefu yenye upenyo wa mashariki. Na mna kitu ambacho sisi hatuna: mwezi mpevu wa Desemba unachomoza upande ule ule wa Kilimanjaro wakati jua linazama nyuma yenu, hebu angalieni kwenye programu tarehe na sehemu, leteni lenzi ndefu.

Pa kutopiga: kambi za jeshi, Chuo cha Polisi, viwanja vya ndege, na magereza (Gereza la Karanga liko upande huo huo wa magharibi, mtu anaelekeza kamera kwenye jua bila kuangalia kilichopo chini yake). Hapo hamna kujielezea kwamba ulikuwa unapiga jua. Droni nayo inataka usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kama huna iache nyumbani, na ndani ya hifadhi ndo kabisa usijaribu.

HATUA YA 5: Kupiga sasa

Wenye simu.

Futa lenzi. Fulana safi inatosha. Mafuta ya vidole kwenye lenzi jua likipiga yanatoa ukungu na miale ya ajabu, nusu ya picha mbovu za machweo ninazoziona tatizo ni hilo tu.

Zima flashi.

Gusa kioo pale penye anga angavu pembeni ya jua, usiguse jua lenyewe, shikilia kidole mpaka simu ikwambie imefunga, alafu kale kaalama ka jua kanakotokea pembeni kavute kushuka chini. Simu ikiachiwa yenyewe inataka kila kitu kionekane, inaongeza mwanga, anga inakuwa nyeupe rangi zinakimbia. Wewe punguza mpaka rangi zirudi. Ardhi itakuwa nyeusi, iache iwe nyeusi, huo ndo uzuri wake, mti au boda au mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani anakuwa kivuli kizuri kabisa. Hakikisha tu kivuli chako kinaeleweka: mtu apigwe kwa ubavu, mikono isigandane na mwili, na kichwa kikae kwenye anga, kisizame kwenye mstari wa miti.

Zumu: tumia namba zilizoandikwa kwenye simu, mbili au tatu, hizo ndo za lenzi halisi kwa simu zenye lenzi ya zumu. Ukivuta kwa vidole mpaka kumi unapata uji. Lakini na wewe usiende kinyume chake ukapiga Kibo na lenzi pana, mlima mrefu kuliko yote Afrika unatoka kama kichuguu. Kibo inataka zumu ya mbili na kuendelea, anga kubwa yenye mawingu ndo inataka lenzi pana.

Jua likishazama washa modi ya usiku, egemeza simu kwenye ukuta au chupa ya maji, weka taima ya sekunde tatu ili kidole chako kisitikise. Hiyo tu ni traipodi tosha.

Wenye kamera mnajua wenyewe, ila kwa pa kuanzia: ISO 100, f/8, kasi 1/125 na ushushe kadiri giza linavyoingia, piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalibana). Rangi usiiache kwenye oto, weka alama ya jua au ya wingu, oto inaona machungwa mengi inadhani ni kosa inarekebisha. Lenzi ya kufika milimita 200 ndo ya Kibo na ya jua juu ya Meru. Na kama kamera yako ni DSLR, ile yenye kioo cha kuakisi ndani, usiliangalie jua kupitia tundu la kamera ukiwa na lenzi ndefu, linaunguza jicho, tumia skrini ya nyuma.

Jua lenyewe unalipiga vizuri pale linapokuwa limepoa, limegusa ukingo wa mlima au limeingia kwenye vumbi. Kabla ya hapo ni doa jeupe tu.

HATUA YA 6: Geukia kulia

Jua limepotea. Watu wanashuka kwenye paa. Wewe geukia kulia.

Mjini kivuli kimeshaingia lakini Kibo iko juu kilometa tano zaidi yetu, yenyewe bado inaliona jua. Kwa dakika saba nane hivi baada ya mji kuwa gizani, barafu bado inapigwa na mwanga wa mwisho kabisa, mwekundu kuliko wote. Utaona mstari wa kivuli unapanda taratibu kutoka msituni kwenda juu, msitu unazima, mawe yanazima, inabaki kofia peke yake. Fungua zumu, funga mwanga kwenye barafu (sio kwenye anga), punguza kidogo, piga mfululizo. Usipige mbili ukaridhika, kila baada ya nusu dakika rangi ni nyingine, chagua ukishafika nyumbani.

Mawingu kama bado yapo kiunoni mwa mlima usisikitike, yanachukua rangi nayo, na kilele kikichomoza juu yake kwa sekunde kadhaa hiyo ni picha kuliko mlima mtupu. Kama umefunga wote, geuka tena urudi magharibi, kwasababu dakika kumi na tano baada ya jua kuzama mawingu ya juu yanawaka mara ya pili, mara nyingi kuliko mara ya kwanza, na Meru inakuwa nyeusi kabisa, pembetatu moja safi. Hapo ndo piga panorama, anzia kushoto kwa Meru ufunge mwanga hapo, zunguka taratibu mpaka Kibo, mikono imebana mbavuni.

Na ukipata nafasi tupia jicho mashariki, upande wa Himo. Kuna mkanda wa waridi unakaa juu ya mkanda wa bluu nzito, ile bluu ni kivuli cha dunia yenyewe kinapanda. Ni laini sana, kwenye simu mara nyingi hautoki vizuri, ila kwa kupiga sura ya mtu mwanga wa upande huo ni mtulivu mno, msimamishe mwenzio auangalie, mpige.

HATUA YA 7: Kurudi na kusafisha picha

Usafiri upange kabla. Daladala za vijijini jioni zinapungua haraka, Mabogini sio mbali ila gizani na kamera shingoni usitembee, ingiza kwenye begi la kawaida lisilo na maandishi ya kamera, na uwe na namba ya boda unayemfahamu. Pawabenki beba, modi ya usiku inakula chaji.

Kwenye kusafisha mi ni mkali kidogo. Nyoosha mstari wa ardhi kwanza. Punguza vivuli kidogo, ongeza rangi kidogo, basi. Picha za Kilimanjaro zenye anga ya zambarau kama maji ya fanta zimejaa kila mahali, na mtu wa Moshi akiiona anajua hapo hamna jioni ya namna hiyo. Kile kitelezi cha rangi ukikisogeza alafu ukajiuliza kama umezidisha, umezidisha.

Na ukimtumia mtu kwa WhatsApp itume kama faili, usitume kama picha, maana inabanwa na ile waridi ya kwenye barafu ndo ya kwanza kupotea.